Maboksi ya ukumbi wa muziki wa majaribio: namna ya kuyapanga mpaka yatumike

Ukumbi mdogo wa muziki ukifungwa, au mwanzilishi wake akistaafu, kinachobaki ni maboksi. Ndani mna vipeperushi, risiti, barua, kanda zisizo na majina, na pengine bahasha nene iliyoandikwa "MUHIMU" yenye funguo za mlango ambao haupo tena. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa maboksi ya namna hiyo akaambiwa ayapange, naye hana shahada ya utunzaji wa nyaraka wala bajeti.

Nimeuelekeza kwenye kumbi za muziki wa majaribio kwa sababu nyaraka zake zina ukaidi wa peke yake. Wimbo wa taarab au wa kwaya unaishi vichwani mwa watu. Kikundi kikisambaratika, bado wapo wanaoweza kuuimba. Muziki wa majaribio ulioshamiri New York, London au Toronto tangu miaka ya 1960 mara nyingi ulipigwa usiku mmoja tu, bila nota za kawaida, ukitegemea ukubwa wa chumba, mahali spika zilipowekwa na kanda iliyotengenezwa kwa ajili ya usiku huo. Ndiyo maana risiti ya kukodi spika nne inaweza kulieleza onyesho kuliko picha ya msanii akitabasamu.

Mfano nitakaourudia ni The Kitchen, ukumbi wa New York. Ilianzishwa mwaka 1971 na Steina na Woody Vasulka, wasanii wa video, katika jiko la zamani la hoteli ya Broadway Central. Watunzi mashuhuri wa muziki huu, Steve Reich, Philip Glass, Meredith Monk na Laurie Anderson, wote wamepita hapo. Mwaka 2014 taasisi ya Getty Research Institute ya Los Angeles ilichukua nyaraka zake, nyingi zikiwa za kuanzia 1971 hadi 1999: kanda za video zaidi ya 5,000, za sauti zaidi ya 600, pamoja na mabango, picha na karatasi. Wewe huenda una maboksi saba. Kazi ni ileile, ila wao wana viyoyozi.

Jambo moja nitalisisitiza kuliko yote: usianze na kanda. Kila mtu hukimbilia kanda kwa sababu ndizo zenye sauti. Anza na kalenda ya maonyesho. Sababu utaiona hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Zuia hasara kwanza

Kabla hujahamisha kitu, piga picha rafu na maboksi yalivyo. Vitu vilivyokaa pamoja vilikaa pamoja kwa sababu fulani, hata kama sababu yenyewe ilikuwa uvivu wa katibu. Kisha yape maboksi namba, na kwa kila moja andika daftarini mstari mmoja tu: lina nini kwa juujuu, lilikuwa wapi.

Ukiwa unazunguka, tafuta unyevu, ukungu, mchwa, mavi ya panya na harufu ya siki. Harufu ya siki ikitoka kwenye kanda au filamu maana yake plastiki yake ya asetati imeanza kuoza, na ile asidi inayotoka huharakisha uozo wa jirani zake. Itenge mara moja. Kanda yenye ukungu itie kwenye mfuko wa karatasi, iandike, na usiicheze kabisa, maana ukungu utahamia kwenye mashine na kutoka hapo kwenda kwenye kanda nyingine zilizo salama. Karatasi zilizolowa zianikwe kivulini penye upepo. Jua la saa sita litazikunja na kufifisha wino.

Halafu inua kila kitu kutoka sakafuni, angalau sentimita 15. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipopiga New York, maji yaliingia katika jengo la The Kitchen mtaa wa West 19th na katika majumba mengi ya sanaa ya eneo hilo la Chelsea. Anayeishi Jangwani, Dar es Salaam, hahitaji kuhadithiwa. Kwa pwani yetu kuna na hewa ya chumvi: pini za stepla huota kutu na kutoboa karatasi. Chagua chumba cha katikati ya nyumba kuliko chenye ukuta wa nje, na usiweke kitu moja kwa moja chini ya bati.

Hatua ya 2: Andika ukurasa mmoja wa anwani na majina

Chukua karatasi moja. Orodhesha kila anwani ambayo ukumbi uliwahi kuwa nayo, na miaka yake. Chini yake orodhesha waliowahi kuongoza, hasa waliopanga ratiba ya muziki. Ongeza namba za simu za ofisi na mabadiliko ya nembo. Kazi hii inaonekana ya kikarani, lakini ndiyo itakayokupa tarehe za vitu visivyo na tarehe, na amini, vipeperushi vingi havina mwaka. Aliyekichapisha alikuwa anatangaza onyesho la wiki ijayo. Mwaka aliandika wa nini?

Tazama inavyofanya kazi. The Kitchen ilikuwa Mercer Arts Center, ndani ya jengo la hoteli, kuanzia 1971. Mwaka 1973 ikahamia SoHo, kwenye kona ya mitaa ya Wooster na Broome (hoteli yenyewe iliporomoka tarehe 3 Agosti mwaka huohuo). Katikati ya miaka ya 1980 ikahamia Chelsea. Waliopanga muziki: Rhys Chatham mwanzoni kabisa, na tena kuanzia 1977; Arthur Russell mwaka 1974 na 1975; George Lewis kuanzia 1980 hadi 1982.

Sasa tuseme umeshika kipeperushi kinachosema "Jumamosi, 14 Mei" bila mwaka. Tangu ukumbi uanze hadi mwisho wa karne, tarehe 14 Mei imeangukia Jumamosi mara nne tu: 1977, 1983, 1988 na 1994. Kikiwa na anwani ya Wooster au Broome, umebaki na 1977 na 1983. Kikiwa na jina la mpanga ratiba, au bei ya kiingilio unayoweza kuilinganisha na kipeperushi kingine chenye mwaka, umemaliza. Kalenda ya miaka yote ipo kwenye simu yako, haigharimu kitu.

Tarehe uliyoikisia kwa njia hii iandike ndani ya mabano ya mraba, na useme umeipataje. Atakayekuja baada yako ana haki ya kujua kipi kilichapishwa na kipi ni hesabu zako.

Hatua ya 3: Jenga kalenda ya maonyesho

Hii ndiyo kazi yenyewe. Fungua jedwali kwenye kompyuta, mstari mmoja kwa kila onyesho. Kila onyesho lipe namba inayotokana na tarehe, kwa mfano 1983-05-14-A. Kama usiku huo kulikuwa na maonyesho mawili, la pili liwe B. Kisha safu hizi: jina la onyesho kama lilivyotangazwa, watunzi, wapigaji, vyombo na mitambo, aliyerekodi, na ushahidi unaoonyesha kwamba lilifanyika.

Safu ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo yenye thamani. Kipeperushi kinathibitisha kwamba onyesho lilikusudiwa. Hakithibitishi kwamba lilifanyika. Katika muziki wa aina hii programu hubadilika saa moja kabla: mtambo umeungua, mpigaji kakwama uwanja wa ndege, mtunzi kaamua kuleta kazi nyingine. Ushahidi kwamba jambo lilitokea ni hati ya malipo iliyosainiwa, hesabu ya mlangoni, tahakiki ya gazeti ya siku mbili baadaye, au kanda. Weka safu mbili tofauti, "lilitangazwa" na "lilifanyika", na usione haya kuacha ya pili wazi.

Majina yaandike kama yalivyo kwenye karatasi, kisha katika safu nyingine yaandike kwa namna moja inayofanana kote. Mtu mmoja anaweza kutokea kama herufi mbili na jina la ukoo hapa, jina la utani pale, na jina lililokosewa kwenye gazeti. Usipoyaunganisha, atakayetafuta atampata nusu.

Kwa nini kalenda itangulie kanda? Kwa sababu kanda iliyoandikwa "Sat – take 2 – GOOD" (Jumamosi, mara ya pili, nzuri) haina maana yoyote mpaka uwe na orodha ya Jumamosi za kuichagulia. Ukianza kuhamisha kanda kwenda dijitali bila kalenda, utaishia na faili 200 ziitwazo "Kanda isiyojulikana", na pesa zimekwisha.

Hatua ya 4: Gawa katika mafungu, lakini usivuruge

Kanuni ya wenye fani ni kwamba nyaraka za chanzo kimoja hazichanganywi na za kingine, na mpangilio ulioachwa na wenyewe unaheshimiwa kadiri unavyoeleweka. Kama katibu aliweka faili kwa majina ya wasanii, acha kwa majina ya wasanii. Kama kila kitu kimerundikwa tu, mafungu matano yanatosha: uendeshaji na fedha; upangaji wa maonyesho; matangazo na magazeti; ufundi; rekodi za sauti na video.

Fungu la ufundi ndilo watu hulitupa. Mchoro wa mkono unaoonyesha spika zimewekwa pembe nne, orodha ya maikrofoni, karatasi ya miksa yenye alama za penseli: vitunze vyote, na andika namba ya onyesho juu ya jalada. Kazi iliyotungwa kwa spika nne kuwazunguka wasikilizaji haiwezi kurudiwa kwa mbili bila kubadilika kuwa kitu kingine.

Fedha nazo zisidharauliwe. Maombi ya ruzuku hueleza kwa kirefu kile ambacho ukumbi ulitaka kufanya, na ripoti ya mwisho hueleza kilichowezekana. Ukizisoma pamoja utajua mengi, na utacheka pia.

Hatua ya 5: Karatasi

Hapa sina mengi. Toa vibanio vya chuma, pini na mipira ya kufungia. Mpira ukizeeka hugandia karatasi. Andika kwa penseli, si kwa kalamu. Weka karatasi kwenye majalada yasiyo na asidi kama unayapata, na kama hupati, karatasi nyeupe safi ya kuchapia ni bora kuliko bahasha za kaki. Usitumie selotepu hata kidogo, wala kufunika kwa nailoni ya moto.

Faksi za miaka ya 1980 na 1990 zishughulikie kabla ya karatasi nyingine yoyote. Nyingi zilichapwa kwenye karatasi inayoshika maandishi kwa joto, na maandishi hayo hufifia yenyewe mpaka ukurasa unabaki mweupe. Zipige skana au picha wiki hii. Risiti za mashine za dukani ni vivyo hivyo.

Hatua ya 6: Nota ambazo si nota

Utakuta karatasi ya grafu yenye mistari ya rangi, ukurasa wenye sentensi tatu za maelekezo, picha ya mawimbi, pengine jiwe kwenye mfuko. Usiamue kwamba ni takataka kabla ya kuvilinganisha na kalenda. Katika muziki huu maelekezo yaliyoandikwa kwa maneno ni nota kamili: aliyeyaandika alitarajia mpigaji ayasome na kuyatii. Kieleze kitu unavyokiona (ukubwa, rangi, maandishi, saini) na taja kilikutwa pamoja na nini.

Thamani ya uangalifu huu inaonekana katika kisa cha Julius Eastman, mtunzi na mpiga piano mweusi wa Marekani aliyefariki mwaka 1990. Alipofukuzwa katika nyumba aliyopanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, nota zake nyingi zilipotea pamoja na vitu vyake. Mwaka 1998 mtunzi Mary Jane Leach akaanza kuitafuta nota ya kazi yake moja ya chelo kumi, iliyopigwa mara ya kwanza The Kitchen mwaka 1981. Hakuipata. Alichofanya ni kuuliza waliomfahamu na waliopiga naye, mmoja baada ya mwingine, na kwa miaka akakusanya vipande vya nota na rekodi vilivyokuwa vimesambaa kwa watu na taasisi. Rekodi zikaanza kutoka kwenye CD mwaka 2005. Ile kazi ya chelo kumi ilirudi jukwaani baada ya mpiga chelo Clarice Jensen kuisikiliza rekodi iliyobaki na kuiandika upya, sauti kwa sauti.

Angalia kilichoiokoa. Kanda, ndiyo, lakini pia majina. Karatasi ya programu yenye majina ya wapigaji kumi ni watu kumi wa kuwauliza nani ana nakala chini ya kitanda. Kwa hiyo programu ya onyesho, hata ikiwa imechanika na kumwagiwa kahawa, ina daraja moja na nota.

Hatua ya 7: Kanda

Sasa tumefika. Kwanza zitenge kwa umbo: rili za sauti za robo inchi, kaseti, DAT (kaseti ndogo za sauti ya dijitali), MiniDisc (diski ndogo za sauti), rili za video za nusu inchi, na kaseti za video za aina ya U-matic, VHS, Hi8 na MiniDV. Usicheze hata moja kwanza. Piga picha ya boksi la kila kanda, pande zote, pamoja na karatasi iliyomo ndani. Andika kila neno lililoandikwa, hata lisiloeleweka. "7½" ni kasi ya inchi saba na nusu kwa sekunde. "Tails out" maana yake kanda imeachwa mwisho wake ukiwa nje, kwa hiyo hurudishwa nyuma kwanza kabla ya kuchezwa. Rangi ya utepe wa mwanzo inaweza kuwa na maana kwa aliyeukata.

Kisha jiulize swali ambalo katika kumbi za kawaida halipo: kanda hii ni kumbukumbu ya onyesho, au ni sehemu ya onyesho? Watunzi wengi wa majaribio walikuja na kanda iliyochezwa jukwaani pamoja na wapigaji hai. Kanda hiyo ni kama chombo cha muziki: ndani yake utasikia sehemu tu ya kazi, bila makofi, bila kukohoa kwa watu. Rili mbili zenye "Ch. 1" na "Ch. 2" (chaneli ya kwanza na ya pili) zilikusudiwa kwenda pamoja. Asiyejua ataziandika kama "nakala mbili" na kutupa moja.

Kujua afya ya rili, ishike kwenye mwanga kwa ubavu. Mwanga ukipenya kwenye msokoto, ni asetati ya zamani. Ukiwa mweusi kabisa, ni poliesta. Asetati hukatika, poliesta hunyumbuka. Kisha soma jina la kampuni. Kanda za poliesta za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi mapema miaka ya 1990, hasa Ampex 406 na 456 na Scotch 226, gundi inayoshikilia unga wa sumaku hunyonya unyevu wa hewa na kulainika. Ukizicheza zinapiga kelele, zinanata, na unga wa kahawia unabaki kwenye mashine. Huo unga ndio muziki wenyewe. Dawa yake ni kuzipasha joto taratibu, takriban nyuzi 50 hadi 54 za Selsiasi, kwa saa nyingi, kisha kuzihamisha ndani ya wiki chache kabla gundi haijalainika tena. Hii ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kushika joto bila kuyumba. Tanuri ya kuokea keki haifai. Na kanda ya asetati haipashwi joto kabisa.

Kaseti zina wepesi wake. Vunja vile vimeno viwili vya juu ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya, izungushe mpaka mwisho bila kusimamasimama, na isimamishe wima. Video ndiyo yenye haraka kuliko zote, kwa sababu mashine zinakwisha: kampuni ya Funai ya Japani ilifunga utengenezaji wa deki za VHS mwaka 2016, na deki za rili za nusu inchi za miaka ya 1970 sasa ziko mikononi mwa mafundi wachache sana duniani. Kwa Afrika Mashariki, anza kwa kuwauliza mafundi wastaafu wa redio na televisheni za taifa. Wengi waliishi na rili maisha yao yote ya kazi.

Unapohamisha sauti kwenda dijitali, hifadhi faili la WAV (sauti isiyobanwa) la biti 24. Kwa kasi ya sampuli, kilohezi 96 ndicho kiwango cha kawaida cha hifadhi, na 48 ndicho cha chini. Kwa kilohezi 96, saa moja ya stereo inakula takriban GB 2, kwa hiyo hata kanda 600 za saa moja moja zinaingia kwenye diski ya TB 2. Nakala ya MP3 tengeneza baadaye kwa ajili ya kusikiliza.

Na tafadhali mwelekeze fundi asisafishe chochote. Fundi mzuri wa redio amefundishwa kuondoa mvumo, kufyeka ukimya na kulainisha mlio mkali. Katika muziki huu mvumo unaweza kuwa ndiyo kazi nzima, ukimya wa dakika tatu umepangwa, na mlio wa spika inayojilisha sauti yake mwenyewe ni solo. Mpe maandishi: cheza mwanzo hadi mwisho, usikate, usirekebishe, niambie tu ulichokiona. Kama ana wasiwasi na kasi, arekodi kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi, na aandike wasiwasi wake pembeni.

Hatua ya 8: Vilivyozaliwa dijitali

Kumbi za leo hazina kanda, zina simu. Video ya onyesho iliyopita WhatsApp kama video ya kawaida imebanwa, na tarehe yake ya asili huwa imepotea. Mwombe aliyeipiga akutumie faili lenyewe kama dokumenti, au ulinakili kwa waya. Fanya hivyo mapema, kabla simu haijaibiwa.

Faili za kazi za prodyuza ni jambo jingine. Prodyuza wa singeli wa Dar es Salaam, ambao kupitia studio ya Sisso na wenzao wa lebo ya muziki ya Nyege Nyege ya Kampala wamesikika kwenye majukwaa ya muziki wa majaribio Ulaya, hufanya kazi kwenye kompyuta. Faili la mradi halifunguki vizuri likikosa sampuli zake au toleo lake la programu. Omba kila wimbo utolewe kama WAV, chaneli moja moja, pamoja na faili la mradi lenyewe.

Majina ya faili yaanze na namba ya onyesho ya kalenda yako, bila nafasi na bila alama za ajabu. Weka nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mji mwingine. Kwa kila faili tengeneza alama ya uhakiki ya SHA-256, ile safu ya herufi na tarakimu ambayo hubadilika hata herufi moja ya faili ikibadilika. Mara moja kwa mwaka ilinganishe. Ikitofautiana, ujue nakala hiyo imeharibika, chukua kwenye nyingine.

Hatua ya 9: Waulize waliokuwepo

Anza na fundi sauti, si mkurugenzi. Mkurugenzi atakueleza maono yake. Fundi atakwambia kwamba usiku ule umeme ulikatika dakika ya ishirini, wakaendelea kwa taa za gari na ngoma peke yake, na kwamba ndiyo maana kanda inaishia ghafla. Mpelekee kalenda na picha za vipeperushi, aone, maana kumbukumbu ya mtu hufunguka kwa kitu kilichoshikika. Rekodi mahojiano, mwombe idhini kwa maandishi, na kila anachosema kiingize kwenye kalenda kama ushahidi wa mdomo, chini ya jina lake. Anapopingana na karatasi, acha yote mawili.

Hatua ya 10: Haki na siri

Kuwa na kanda si kuwa na muziki. Kwa kawaida utunzi ni wa mtunzi au warithi wake, upigaji ni wa wapigaji, rekodi inaweza kuwa ya ukumbi, ya aliyerekodi au ya kituo cha redio, na bango ni la mchoraji. Tafuta kwenye majalada mkataba wowote, hata wa nusu ukurasa, unaosema onyesho litarekodiwa na kwa matumizi gani. Usipouona, ruhusu watu wasikilize hapo ulipo, lakini usichapishe mpaka mwenye haki akubali.

Majalada ya fedha yatakuwa na anwani za nyumbani, namba za benki, barua za mtu akiomba alipwe mapema kwa sababu mtoto anaumwa. Hayo yatenge katika jalada lililofungwa, weka karatasi mahali pake inayosema kuna kitu kimetolewa, na panga mwaka wa kulifungua.

Hatua ya 11: Andika mwongozo wa mkusanyo, kisha tafuta makao

Mwongozo wa mkusanyo ni hati ya kurasa chache: historia ya ukumbi (ile karatasi yako ya anwani na majina imeshaanza kazi), ukubwa wa mkusanyo, mafungu yake, orodha ya maboksi na majalada, na masharti ya matumizi. Ambatisha kalenda. Mtafiti akiusoma ajue aombe boksi la ngapi bila kukupigia simu.

Kisha amua vitakaa wapi. The Kitchen bado inafanya maonyesho New York, wakati nyaraka zake za miaka ile ziko upande mwingine wa Marekani. Zimepata hifadhi ambayo ukumbi mdogo usingeweza kuigharamia, lakini msanii wa mtaa uleule anayetaka kuzishika lazima asafiri. Kila makabidhiano yana bei yake ya namna hiyo. Kwetu unaweza kubisha hodi Nyaraka za Taifa Dar es Salaam au Nairobi, nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, au maktaba ya chuo kikuu chenye idara ya muziki. Kabla ya kusaini uliza: mna mashine za kuchezea kanda hizi, au zitakaa tu? Nani ataruhusiwa kusikiliza, na kwa ada gani? Tukitaka nakala ya rekodi yetu wenyewe tutaipata kwa siku ngapi? Na kanda ikishahamishwa dijitali, mtaitupa? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba.

Hata wakikubali kila kitu, baki na nakala ya kalenda na ya picha za maboksi. Maswali ya wasanii na warithi wao yataendelea kuja kwako, kwa sababu namba yako ndiyo waliyonayo.